Gari la kwanza tuanze na wese

Huku hosteli kila mtu ana gari la ndoto yake, na mara nyingi ni IST yenye rimu kubwa. Sina ugomvi na IST. Ila wengi wetu mshahara wa kwanza utafika ukiwa umeshakatwa asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu. Kabla ya rangi, tuulize gari linakula kiasi gani.

Piga hesabu. Kwa kilomita 30 kwa siku, gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita linataka lita 2. Linalokwenda kilomita 10 linataka 3. Kwa siku 26 za mwezi, tofauti ni lita 26. Hela hiyo mikoani inalipa chumba.

Mimi nasema Vitz au Passo ya cc 1000. Ukiagiza nje, injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wake. Ya cc 1300 hutozwa asilimia 5. Ukinunua mkononi, nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

Watakaoiita bebiwoka waache waite. Tarehe 20 wewe utakuwa unawasha kwenda kazini, IST ya jirani imepaki inasubiri mshahara.