Dakika 50 ni Kamari

Kuna watu hujisifu kwa kupata tiketi za ndege ambazo muda wa kusubiri katikati ya safari ni mfupi kabisa. "Sikupoteza muda hata kidogo," husema. Nami nilikuwa mmoja wao. Leo nasema wazi: tabia hiyo ni kamari, na anayetuuzia tiketi hizo bila kutuonya anatucheza shere.

Mimi ni Mrundi, nasoma Dar es Salaam. Bibi yangu alipofariki Bujumbura, mazishi yalipangwa baada ya siku 2. Wakala wa tiketi alinipa njia mbili, zote kupitia Nairobi. Ya kwanza ilikuwa tiketi moja hadi nyumbani, yenye saa 4 za kusubiri. Ya pili ilikuwa tiketi mbili za mashirika tofauti, dakika 50 katikati, kwa bei nafuu. "Zinatosha kabisa, mdogo wangu," akaniambia. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini siku hiyo sikuwasikia.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu. Dakika 50 huanza kuhesabiwa pale ndege ya kwanza inapotakiwa kufika. Kushuka kutoka viti vya nyuma huweza kumaliza dakika 10. Mlango wa kupandia ndege ya pili hufungwa mapema, mara nyingi dakika 15 au 20 kabla ya kuondoka. Zinabaki kama 20 tu, na hizo ni za mwenye tiketi moja, ambaye begi lake hupelekwa na shirika.

Mwenye tiketi mbili kwa kawaida hupita uhamiaji, hungoja begi, kisha huanza upya kwenye kaunta. Kaunta za safari za kimataifa mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Ndege yangu ya kwanza haikuchelewa hata kidogo, lakini dakika 50 zangu zilikuwa zimekwisha kabla sijaondoka Dar!

Shirika la pili halikuwa na deni nami. Kwao nilikuwa abiria ambaye hakutokea. Nilinunua tiketi nyingine, nikafika jioni ya siku iliyofuata. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Mama hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaketi kando yangu kimya.

Najua wengine watasema kwamba kusubiri ni anasa, mwanafunzi hana pesa za kununua chai ya uwanja wa ndege. Mimi nasema kinyume chake. Tajiri akiachwa na ndege hununua tiketi nyingine bila kutoka jasho. Ni sisi wenye pesa za kuhesabu tunaohitaji saa za akiba. Mkate na karanga kwenye mkoba ni bei ndogo kuliko tiketi ya pili.

Kwa hiyo nawataka mawakala waseme kabla ya kupokea pesa: "Tiketi hizi ni mbili, ukichelewa ni juu yako." Nanyi wanafunzi wenzangu, kwa tiketi moja acheni angalau saa 2, kwa tiketi mbili, saa 4 au 5, na msiifanye ndege ya mwisho ya siku kuwa tegemeo lenu. Saa za kusubiri hazipotei. Kilichopotea kwangu ni nafasi ya kumwaga udongo juu ya kaburi la bibi, na hakuna kaunta inayoirudisha.