Kiki haigongi kwa kuongezewa besi

Singeli ikipigwa kwenye spika na kiki, yaani pigo la ngoma nzito ya chini, ikakosa kugonga, ushauri unaotolewa studio ni uleule siku zote, na mwingi ndio unaoiua.

"Ongeza besi." Uzito wa kiki hukaa kati ya hezi 50 na 80 hivi, kishindo cha kifuani kiko juu zaidi, karibu na hezi 100, na mlio wa kigongo kugusa ngozi uko kati ya hezi 2,000 na 5,000. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 60 ya maana, kwa hiyo anayesikiliza kwa simu anaitambua kiki kwa ule mlio wa juu. Ukipandisha chini kwa desibeli 6 unapata mvumo unaomeza gitaa la besi, basi. Mimi ningepunguza kwanza desibeli 3 au 4 kati ya hezi 250 na 400, panapotoa sauti ya boksi, halafu nikate mkia, yaani mvumo unaobaki baada ya pigo. Mkia ndio mkosaji mkubwa, na hautajwi. Singeli ya mapigo 240 kwa dakika ina milisekunde 250 tu kutoka pigo hadi pigo. Kiki inayovuma milisekunde 400 inalikanyaga pigo linalofuata, na sikio linapata ngurumo moja isiyokatika. Ufupishe mkia hadi milisekunde 150, usiguse kingine chochote, kisha sikiliza.

"Kompresa ibane haraka ndiyo kiki ikaze." Wimbi moja la hezi 50 huchukua milisekunde 20 kukamilika. Kompresa inayoanza kubana ndani ya milisekunde 1 inakilaza kishindo cha mwanzo, na nguvu yote iko pale. Anza na milisekunde 20 au 30, na iwe imeshaachia kabla pigo jingine halijaingia.

"Panga kiki tatu kwa pamoja." Inasaidia pale tu kila moja inapokuwa na kazi yake. Wimbi la moja likipanda wakati la nyingine linashuka, yanafutana, na kiki tatu zinasikika nyembamba kuliko moja. Vuta mawimbi karibu kwenye skrini, uone yanaanzia wapi. Geuza polariti ya moja. Sauti ikinenepa, iache hivyo.

"Masta itarekebisha." Hapana. Limita hukata vilele, na kwenye muziki wa namna hii kilele kirefu kwa kawaida ni cha kiki. Spotify nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo wimbo uliobanwa kupita kiasi unafika kwa msikilizaji kwa sauti ileile ya wengine, kiki ikiwa imelala. Bora kwenye miksi gitaa la besi lishuke desibeli 2 au 3 kila kiki inapopiga. Na ukilinganisha kabla na baada, sawazisha sauti kwanza: sikio husikia besi vizuri zaidi sauti ikiwa juu, na kwa hiyo kila kilichopandishwa huonekana bora.