Mtoto wa swala si ndama, usimlete nyumbani



Msimu wa palizi ukifika, mbali na maswali ya mbolea na viuatilifu, kuna swali linalojirudia kila mwaka: "Afisa, nimeokota mtoto wa swala shambani, nimpe maziwa gani?" Kwa mwingine ni digidigi, kwa mwingine ni komba, kwa mwingine makinda ya bundi yaliyoanguka mti ulipokatwa. Leo nasema ninavyoona mimi, hata kama wapo watakaonuna.

Kwanza, huyo uliyemwokota mara nyingi si yatima. Swala na digidigi hawazunguki na mtoto mchanga. Mama humficha kwenye majani, anakwenda kula, anarudi kumnyonyesha mara chache kwa siku. Kazi ya mtoto ni kulala kimya, hata ukimkaribia hakimbii. Mkulima anafika na jembe, anamwonea huruma, anambeba. Mama anarudi anakuta majani yamelala tu. Yatima huyo tumemtengeneza wenyewe. Ukimkuta, ruka kile kipande, fungia mbwa, palilia kesho yake. Kama umeshamchukua leo, mrudishe leo hii pale pale, uangalie kwa mbali. Harufu ya mkono wako haimfanyi mama amkatae kirahisi kama tunavyoambiana vijiweni.

Yatima wa kweli wapo. Mama kanaswa kwenye waya, kagongwa barabarani, au mtoto amelia siku nzima sehemu moja, macho yamedidimia na nzi wamemjaa. Hapo ndipo mtu anakimbilia ndoo ya maziwa ya ng'ombe. Jamani! Ninyi wafugaji mnajua ndama asiyepata dang'a saa za mwanzo anavyoyumba hata ukimhangaikia vipi baadaye. Swala naye ni hivyo hivyo, tena maziwa ya mama yake ni mazito, yana mafuta na protini kuliko ya ng'ombe wako. Unampa ya ng'ombe, anaanza kuharisha, baada ya siku chache humuoni. Ukimnywesha chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Na hata asiponywa kitu, swala aliyekimbizwa na mbwa, akabebwa na watoto na kupigwa picha na kijiji kizima, misuli yake inaharibika kwa ndani kwa woga na purukushani. Anaweza kufa siku kadhaa baadaye bila jeraha lolote, mkabaki mnasema karogwa.

Daphne Sheldrick wa kule Nairobi, aliyelea tembo yatima maisha yake yote, ilimchukua miaka mingi na vifo vingi vya ndama kupata mchanganyiko wa maziwa unaowafaa. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yalikuwa yanawashinda, mpaka alipopata njia ya kutumia mafuta ya nazi. Sasa wewe na chupa yako ya soda unategemea nini?

Tuseme amepona na amekua. Dume aliyelelewa na watu hawaogopi watu, na siku pembe zikikomaa anakuona wewe kama dume mwenzake. Wenye madume ya ng'ombe waliyoyazoesha michezo yakiwa ndama wananielewa. Halafu kuna sheria. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa. Huruma yako haitasomwa mahakamani.

Mpaka hapo wenzangu wa maliasili watanipigia makofi. Tunapoachana ni hapa: sisi maofisa tunamwambia mkulima "toa taarifa", halafu taarifa yenyewe haina pa kwenda. Mkulima mmoja katani kwangu alitoa taarifa ya nsya aliyevunjika mguu kwenye waya. Akaambiwa gari halina mafuta. Kesho yake akaambiwa asubiri. Siku ya tatu nsya akafa, watu wakamla, na siku ya nne gari likapata mafuta, likaja kuuliza nani kala nyama ya serikali. Yule bwana hatatoa taarifa tena, na mimi simlaumu.

Kinachokosekana ni kituo kidogo karibu na vijiji vinavyopakana na pori. Sisemi jengo la kifahari. Banda lenye kivuli, uzio uliozibwa ili mnyama asione watu kutwa nzima, daktari wa mifugo wa kuja siku zinazojulikana, na vijana wawili walioelekezwa kulisha bila kumbembeleza mnyama, maana lengo ni arudi porini akiwa bado anatuogopa. Kule Samburu, Kenya, kituo cha Reteti kilifunguliwa 2016 na kinaendeshwa na wenyeji wenyewe. Wakati wa korona maziwa ya unga ya kulelea tembo yalipokuwa shida kupatikana, waligeukia maziwa ya mbuzi wanayonunua kwa akina mama wafugaji wa pale pale. Soma tena hapo. Mnyamapori yatima amekuwa mteja wa mfugaji! Siyo kwamba maziwa ya mbuzi yanamfaa kila mnyama, mchanganyiko aupange daktari, lakini mbuzi wa maziwa tunao na soko tunalilia kila siku. Vijiji vilivyo kwenye Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori vinapata mgao wa utalii, na sioni kwa nini kasehemu kasiende huko.

Najua wapo watakaosema wanyama hawa hawa ndio wanaotumalizia mazao. Tembo kweli, hapo sibishani, na maumivu hayo nayaona kila msimu. Ila bundi amekukosea nini? Anakula panya shamba, wale wanaofukua mahindi yako kabla hayajaota. Tunampiga mawe kwa kuwa eti ni uchawi, na asiyepigwa anakula panya mwenye sumu naye anavuja damu kwa ndani. Bundi mmoja akitibiwa na kurudishwa shambani kwako, faida ni yako.

Mpaka kituo kipatikane, aliyejeruhiwa mweke kwenye boksi lenye matundu, ndani ya chumba chenye giza na kimya, bila chakula, bila maziwa, na watoto wakae mbali. Kinda la bundi lishike kwa kitambaa kizito, kucha zake si mchezo. Piga kwa ofisa wanyamapori wa wilaya na kwa daktari wa mifugo wa kata, wote wawili, na mwenyekiti wa kijiji ajue, ili pasiwe na maneno baadaye. Bweha, nguchiro au fisi anayeyumba au asiyeogopa watu usimguse kabisa. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mzoga uliokutwa unatoka damu puani usichunwe, inaweza kuwa kimeta.

Walioniuliza kuhusu viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, hilo naliandika wiki ijayo.