"Akioa Atatulia": Bi Harusi Si Breki ya Pikipiki



Msimu wa harusi umefika, na maneno yale yale tumeshaanza kuyasikia, kwenye singo na hata kwenye kikao cha posa: "Kijana mzuri, anaswali, kazi anayo. Ila ana wazimu wa pikipiki. Ah, akioa atatulia." Sisi tunasema hapana. Mwanamke haolewi ili awe breki ya mtu.

Tuelewane ni wazimu upi. Hatumsemi anayekwenda kazini na Vespa yake. Tunamsema anayenunua pikipiki kubwa ya spoti kisha akaifumua uani kwa mama yake, ili ashindane mbio za mstari mmoja: wawili wanasimama sambamba, wanaondoka pamoja, wa kwanza kufika ndiye bingwa. Ule mkono wa nyuma unaoshika tairi anaukata na kuuchomelea kipande urefuke, ili pikipiki isinyanyuke mbele anapofungua mafuta. Anaishusha chini, na shokapu za mbele anazifunga kwa mkanda. Sproketi anabadilisha ivute haraka. Vioo vinatoka, na kizuia kelele kinatoka.

Kila kimoja kina sababu yake, na vijana wetu akili ya ufundi wanayo, mashaallah. Lakini sababu zote hizo ni za mita 402 za njia iliyonyooka, isiyo na mtu. Pikipiki iliyorefushwa inakuwa ngumu kukata kona. Iliyoshushwa inakwaruza kwenye tuta. Iliyofungwa mbele haimezi shimo. Chuma kilichochomelewa kinaweza kudhoofika pembeni ya kiungo, hasa kikiwa cha aluminiamu, na jicho halioni. Sasa itoe hiyo usiku kwenye barabara zetu, zenye gari la ng'ombe lisilo na taa na watoto wanaorudi chuoni. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka ni kama mita 28 zimekwisha kabla hajagusa breki.

Wapo watakaotujibu kwamba dini haikukataza mashindano. Ni kweli, wala sisi hatuyakatazi. Mtume (S.A.W.) aliendesha mashindano ya farasi Madina, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Lakini tazameni yalivyopangwa. Farasi waliotayarishwa kwa mbio walitoka al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa. Wasiotayarishwa wakapewa njia yao fupi, kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Kila mnyama na njia yake, mwanzo unajulikana na mwisho unajulikana. Hata Marekani, mbio hizi zilikokulia, Wally Parks alianzisha chama cha NHRA mwaka 1951 ili vijana watoke barabarani, wakashindane kwenye viwanja vyenye kanuni na ukaguzi. Anayetaka kutushika kwa hoja ya dini, basi aishike yote. Na zile fedha ambazo kila mmoja anaweka, mshindi azizoe zote? Hiyo ni kamari, tusiipake hina.

Lakini lawama si za vijana peke yao. Nani anapiga vigelegele pikipiki zinapofukuzana kwenye msafara wa bwana harusi? Nani anatoa simu arekodi? Nani anatoa fedha za upatu mwanawe akanunue vipuri, kwa sababu hataki anune? Ni sisi.

Na gharama yake inaturudia sisi. Eda ya mfiwa ni miezi 4 na siku 10. Haiulizi ndoa ilikuwa na umri gani: akdi ikishafungwa, mume akifa, mke atakaa eda hata kama hawajalala pamoja usiku mmoja. Hina haijafutika mikononi, na tayari ni kizuka. Akibaki hai na mguu umevunjika, ni nani anayemwogesha na kumpelekea chakula hospitali? Na yule mpita njia aliyegongwa, naye ana mke na ana mama.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Bi harusi mtarajiwa, muulize mapema, kupitia walii wako, kama unavyouliza swala yake na kazi yake: pikipiki yako unaifanyia nini? Usione haya, maana swali hili la posani ni jepesi kuliko salamu za rambirambi. Familia, semeni kabla ya siku ya harusi kwamba msafara utakwenda taratibu, na atakayefukuzana arudi kwao. Mama, uani ni kwako. Funga mlango wa karakana hiyo, na fedha zako zibaki mfukoni. Kijana akisema ana kipaji, mwambie akipeleke kwenye ufundi wa halali, au yeye na wenzake wadai uwanja wenye kanuni. Hapo tutawaunga mkono.

Kutulia kuanze kabla ya akdi. Anayempenda bi harusi wake anaweza kuziacha mbio za barabarani leo, akiwa bado mchumba.

Allah awahifadhi waume zetu, watoto wetu na kila apitaye njiani, na azijaalie harusi zetu ziwe za kheri. Aamin.