Orlando wakati wa vimbunga: bei inashuka, lakini hasara ni ya nani?

Kwa jamaa nyingi za Wakongomani wanaoishi Texas, Kentucky ama Arizona, vakansi ya ndoto ya watoto ni moja: Orlando, jimboni Florida, kwenye viwanja vya burudani vya Walt Disney World na Universal. Ni safari ya kuwekea akiba mwaka mzima. Hata ndugu wa Goma na Bukavu huisikia, maana mwaka huo pesa za kutumwa nyumbani hupungua.

Tatizo ni tarehe. Vimbunga vya Atlantiki vina msimu wake, tangu tarehe 1 mwezi wa sita hadi tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, na kilele ni karibu tarehe 10 mwezi wa tisa. Wakati huo huo shule za Marekani zimefunguliwa, foleni zinapungua na hoteli zinashusha bei. Anayehesabu kila dola huvutwa. Lakini pamoja na bei hiyo amenunua pia hatari.

Wengi hujipa moyo kwamba Orlando iko mbali na bahari. Ni kweli, mawimbi hayafiki. Lakini usiku wa tarehe 9 Oktoba 2024, kimbunga Milton kilipiga pwani ya magharibi karibu na Siesta Key, kikiwa cha daraja la 3, kikavuka jimbo lote. Uwanja wa ndege wa Orlando ulisimamisha safari za abiria asubuhi ya siku hiyo. Disney ilifunga mchana, ikabaki imefungwa tarehe 10, ikafungua tarehe 11. Aliyekuwa na siku nne tu alipoteza karibu nusu. Katika wilaya ya St. Lucie, pwani ya mashariki, mbali kabisa na jicho la kimbunga, upepo wa kisulisuli uliua watu sita.

Sasa nani analipa? Disney inakubali kusogeza ama kufuta safari bila faini yake, ila kwa sharti: kituo cha taifa cha vimbunga kiwe kimetoa onyo rasmi kwa Orlando, ama kwa mahali unapoishi, ndani ya siku 7 kabla ya kufika. Onyo hilo kwa kawaida hutoka saa 36 hivi kabla ya upepo mkali kuanza. Hofu ya kuona ramani kwenye televisheni haihesabiwi. Anayetoka Dallas kwa gari ana zaidi ya kilomita 1,700; onyo laweza kumkuta tayari njiani.

Kwa ndege ni hivyo hivyo. Kampuni ikifuta safari yenyewe, na abiria akikataa nyingine, sheria ya Marekani inailazimisha kurudisha pesa, hata kwa tiketi ya bei ya chini. Abiria akijizuia mwenyewe, mara nyingi pesa imekwenda. Na bima? Kimbunga kikishapewa jina, bima inayonunuliwa baadaye hailipi hasara yake. Inafaa inunuliwe siku ile ile ya tiketi.

Kuna jambo ambalo hakuna bima inayolirekebisha. Disney yaweza kusogeza tarehe, lakini mfanyakazi wa kiwanda cha nyama aliyepewa juma moja la kupumzika hana namna ya kulisogeza. Huyo, kwa maoni yetu, afadhali avumilie foleni na bei za mwanzo wa mwezi wa sita, wakati vimbunga bado ni vichache.