Twende Pwani, Lakini Tujue Kuogelea

Kila muhula unapokaribia kwisha, maneno ni yale yale mabwenini na madarasani: safari hii twende pwani, ama tusiende? Swali hili limewagawa watu wa shule yetu makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba matembezi ya pwani ni kupoteza fedha na wakati, tena ni hatari, na kwa hiyo yafutwe kabisa. Kundi la pili lasema kwamba mwanafunzi aliyekaa na vitabu miezi mitatu astahili siku moja ya kucheza, na kwamba yatosha kumwambia asiingie majini kupita magoti. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya haya, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Kwanza na tuwajibu wale wasemao kuwa safari ya pwani haina faida. Muhula uliopita sisi wanafunzi 12 wa Kidato cha Tatu, marafiki wa darasa moja, tulipata ruhusa ya kwenda Bagamoyo kwa siku moja pamoja na mwalimu wetu. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 70 hivi kuelekea kaskazini. Tuliondoka alfajiri na tulirudi usiku. Katika siku hiyo moja tulisimama ndani ya magofu ya Kaole, ambako msikiti wake wa kale ni wa karne ya 13. Tuliona misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, mahali ambapo maiti ya David Livingstone ilifikishwa mwezi wa Februari mwaka 1874, baada ya kubebwa na watu wake kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Tulitembea katika mji uliokuwa makao makuu ya serikali ya Wajerumani, kabla makao hayo hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891.

Mambo haya yote tulikwisha kuyasoma darasani. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuona ni kitu kingine. Mwenzetu mmoja kwao ni Tabora, naye siku hiyo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisimama kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe wapagazi wa kwetu walitembea mpaka hapa na pembe za ndovu mabegani, na sisi tumekaa ndani ya basi asubuhi moja tu tunalalamika kuchoka!" Nasadiki hakuna mtihani uwezao kumfundisha mtu jambo hilo vizuri zaidi. Kwa hiyo wale wanaotaka safari zifutwe naona wamekosea.

Sasa niwageukie wale wa kundi la pili, wasemao kwamba yatosha kucheza mchangani na kutopita magoti.

Tulipofika ufukoni, yapata saa nne asubuhi, maji yalikuwa yamekupwa yamekwenda mbali sana, hata ngalawa zilikuwa zimelala ubavu juu ya mchanga. Palikuwa na mzee mmoja mvuvi akishona nyavu zake. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Tukamwuliza maji yatarudi saa ngapi. Mzee yule hakutazama saa wala karatasi. Alisema, "Leo bamvua. Saa kumi mtayakuta kwenye shina la mnazi ule. Kesho yatachelewa kidogo." Basi ilipofika saa kumi alasiri, maji yalikuwa yanalowesha mizizi ya mnazi ule ule aliotuonyesha.

Wenzangu, fikirini jambo hili. Sisi sote tumejifunza katika Jiografia kwamba mwezi na jua huvuta maji ya bahari. Kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kwamba kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kadhaa. Na kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Tumejifunza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu. Katika pwani yetu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo wakati wa bamvua yaweza kupita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mtu mrefu aliyeinua mikono. Haya yote tuliyaandika katika mtihani tukapewa alama nzuri. Walakini kati yetu 12 hakuna hata mmoja aliyeweza kusema maji yatafika wapi na saa ngapi, ila mzee mvuvi.

Hapo ndipo ile kanuni ya magoti inapoanguka. Maji yanayofika magotini saa nane hayafiki magotini saa tisa. Tena sakafu ya bahari si sakafu ya darasa. Kuna mafungu ya mchanga yaliyoinuka, na kati ya fungu na fungu kuna mikondo yenye kina. Mtu aliyetembea mpaka kwenye fungu wakati maji yamekupwa, aweza kugeuka nyuma akakuta njia aliyopita kwa miguu imekwisha kuwa mkondo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Katika basi, tulipokuwa tunarudi, mwalimu alituuliza ni nani kati yetu ajuaye kuogelea. Mikono iliyoinuka ilikuwa 3 tu. Wawili ni vijana waliozaliwa pwani, na mmoja ni wa Ukerewe. Wengine 9, na wasichana wote 5 wakiwa miongoni mwao, hawakujua hata kuelea. Jambo hili lanisumbua mpaka leo, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Yamkini msomaji atasema, "Basi wasiojua na wasiende majini, na mambo yamekwisha." Laiti maji yangalikuwa baharini tu! Nchi yetu ina pwani ndefu upande wa mashariki, na Maziwa Makuu matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Ina mito, mabwawa, visima na mafuriko. Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na huko nako mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Wasafiri hao hawakwenda kucheza ufukoni. Walikuwa wakienda makwao, gulioni na kazini.

Sisemi kwamba wote wangaliokoka kama wangalijua kuogelea. La, hasha. Wengi walinaswa ndani ya vyombo, na kosa la kujaza watu kupita kiasi halitibiwi kwa kuogelea. Ninalosema ni kwamba mtu ajuaye kuelea kwa dakika chache bila hofu ana nafasi ambayo asiyejua hana. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Shirika hilo hilo lashauri kwamba watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea, kujihadhari na maji, na kuokoa kwa njia ya salama. Tazameni vema: lasema watoto wa shule. Basi kama si shule, ni nani atakayefundisha?

Najua nitapingwa, na mapingamizi mengine yana maana.

Wengine watasema shule haina bwawa la kuogelea. Ni kweli. Lakini wale wenzetu 3 wajuao kuogelea hawakujifunza katika bwawa lenye vigae. Walijifunza mahali penye maji matulivu, yasiyo na mkondo, yanayofika kiunoni, mbele ya macho ya mtu mzima. Mtu huanza kwa kuzamisha uso na kutoa pumzi majini. Kisha hujifunza kulala chali na kuelea, na halafu ndipo hupiga miguu na mikono. Hatua mbili za kwanza hazihitaji fedha. Zahitaji mwalimu mwenye subira, na wavuvi wa pwani yetu, tukiwaomba kwa adabu na kuwapa ahsante yao, hawatakataa kuwa walimu wetu.

Wengine watasema jambo hili haliwafai wasichana, kwa sababu ya heshima ya mavazi. Nawajibu kwamba huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwafunika mwili mzima, na wanawake wamekuwa walimu wao. Ikiwa heshima ilihifadhiwa Nungwi, kwa nini ishindikane kwetu? Bahari haichagui mvulana wala msichana. Dada zetu watapanda vivuko vile vile, na baadaye watawaogesha watoto wao katika mito ile ile. Kumnyima msichana elimu hii ni kuwanyima pia watoto atakaowalea.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi. Wako wasemao kwamba ajuaye kuogelea ndiye anayekufa maji, kwa kuwa hujitia ushujaa. Hili nalikubali kwa sehemu. Kijana aliyejifunza nusu huwa mwepesi wa kushindana na wimbi, na rafiki zake humpigia makofi. Lakini dawa ya elimu nusu si ujinga mzima. Dawa yake ni elimu iliyotimia, inayofundisha hofu ya haki pamoja na ustadi. Mathalani, wangapi kati yetu tunajua kwamba si vizuri kumrukia mtu anayezama? Mfa maji haachi kutapatapa. Atakushika shingoni mzame wawili. Aliye ufukoni na amtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kizibo, au amnyoshee ufito mrefu, huku akipiga kelele watu waje. Maarifa haya hata asiyejua kuogelea aweza kuyatumia, na yangeweza kufundishwa hapa uwanjani kwetu kwa nusu saa tu.

Kwa hiyo natoa mashauri manne mbele ya Mwalimu Mkuu, walimu, viranja na wanafunzi wenzangu.

La kwanza, safari ya pwani iendelee, lakini itanguliwe na mafunzo ya majini walau kwa mwezi mmoja, kwa wavulana na wasichana. Asiyeweza kuelea chali kwa dakika moja asiadhibiwe wala asichekwe; aende safari, ila abaki mchangani na afundishwe tena.

La pili, kabla ya kuchagua siku, darasa la Jiografia litazame jedwali la maji kujaa na kupwa, na libandike ukutani saa za siku hiyo. Hapo ndipo somo la mwezi litakapokuwa somo kweli.

La tatu, kila kikundi kichukue kamba na madumu mawili matupu, na watu wawili wakae ufukoni kwa zamu kazi yao ikiwa kutazama tu. Si kupiga picha, si kula mihogo, bali kutazama.

La nne, uwepo mfuko mdogo wa kuwasaidia wasio na nauli. Isiwe kwamba wenye fedha ndio wanaojifunza kujiokoa, na maskini wanaachwa wakisubiri kusimuliwa. Urafiki wa namna hiyo si urafiki.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Sisi bado tu wabichi. Miaka michache ijayo tutakuwa wafanyakazi, baba na mama wa watu, na hakuna atakayepata nafasi ya kutufundisha. Shule yetu hutufundisha kusoma, kuhesabu na kujieleza, nasi twashukuru. Na itufundishe pia kutoka hai ndani ya maji.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha. Lakini kabla hajashika kalamu, namwomba kwanza awaulize wenzake wa darasa lake ni wangapi wajuao kuogelea, na ahesabu mikono itakayoinuka.