Nishani Iliyokatwa kwa Makasi

Hebu fikiria, msomaji. Umeingia jeshini kijana, umekwenda vitani ukarudi, na kifuani unavaa nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Kisha anakuja mtu na makasi makubwa, anaikata.

Ndivyo alivyosimulia Joe Ousalice, mwendeshaji redio wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Alitumikia karibu miaka 18, na hata katika vita vya Falklands vya 1982 alikuwamo. Mwaka wa 1993 alifukuzwa. Ilikuwa imejulikana kwamba anapenda wanawake na wanaume vilevile.

Raia wa England walikuwa wameondolewa adhabu ya mapenzi ya aina hiyo tangu 1967. Jeshi halikutaka kusikia. Polisi wa kijeshi walipekua makabati wakitafuta barua za mapenzi, na mwenye kushukiwa alihojiwa kwa saa nyingi kuhusu mambo ya chumbani. Wako waliopoteza pensheni, na wako waliojiua. Wengine, siri yao ilifikishwa kwa wazazi wao kabla wenyewe hawajapata ujasiri wa kuisema. Mimi hapo ndipo paliponiuma zaidi. Mzazi anapokeaje habari za mwanawe kutoka kambini?

Muuguzi Jeanette Smith wa jeshi la anga alichongewa mwaka wa 1994 na mtu aliyepiga simu bila kujitaja. Yeye na Sajini Graeme Grady hawakunyamaza. Walikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashinda Septemba 1999. Marufuku ikaondolewa tarehe 12 Januari 2000. Wakubwa walikuwa wamedai vikosi vingevurugika. Wizara yenyewe ilipochunguza baadaye, haikuona vurugu yoyote. (Wanajeshi hao tunawajua, si ndio wanaokuja kufanya mazoezi Nanyuki?)

Ousalice alirudishiwa nishani mwaka wa 2020. Waziri Mkuu Rishi Sunak aliomba radhi bungeni Julai 2023, na Desemba 2024 serikali ikatangaza fidia ya hadi pauni 70,000 kwa mtu. Lakini kuna waliokwisha kufa wakiwa na aibu isiyokuwa yao.

Oktoba 2025 Mfalme Charles aliweka maua kwenye mnara wa kuwakumbuka, huko Staffordshire. Si sanamu ya askari mwenye bunduki. Ni barua ya shaba, iliyokunjamana kama iliyofinyangwa mkononi.